Msimbo Ulikuwa Kwenye Simu ya Zamani

Shangazi yangu anaishi Mji wa Kale, Mombasa, na kwa zaidi ya miaka minne amekuwa mtunzaji wa darsa za kina mama wa mtaa wake. Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri mwalimu wao husomesha, mmoja wao hurekodi sauti, na kabla ya magharibi rekodi huwa imeshawekwa kwenye kikundi chao cha Telegram ili aliyekuwa akiuguza au aliyesafiri asikose. Mwezi wa Novemba 2024 binti yake aliyeko Sharjah, Umoja wa Falme za Kiarabu, alimletea simu mpya. Shangazi akahamisha laini, akapakua Telegram, akaandika nambari yake, kisha akakaa siku mbili akingojea msimbo wa kuingilia ambao haukufika. Aliponipigia siku ya tatu sauti ilikuwa imemkauka. "Mwanangu, darsa zote zimo humo," aliniambia. "Zikipotea nitawaambia nini wenzangu?"

Msomaji wa Kenya ataikumbuka Novemba ile. Mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, ilikuwa ikiendelea, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilikuwa imewaagiza watoa huduma za mtandao waizuie Telegram nyakati za mitihani, kwa sababu njia hiyo ilikuwa ikitumika kusambaza karatasi za mitihani, za kweli na za uongo. Mwaka uliotangulia, msimu kama huo, Telegram ilisumbua vilevile. Kwa hiyo mjukuu wa shangazi alifanya walichofanya vijana wengi: alimwekea bibi yake programu ya VPN ya bure, yaani ya kupitishia intaneti nchi nyingine ili kukwepa kizuizi, akamwonyesha kitufe cha kuiwasha, akaenda zake shule. Tangu hapo, kila msimbo ulipokosa kufika, shangazi aliamini kuwa VPN ndiyo yenye kosa. Aliizima na kuiwasha, akahama kutoka Uholanzi kwenda Ujerumani, kutoka Ujerumani kwenda Marekani, na kila alipohama aliomba msimbo upya.

Nimetengeneza simu za jamaa na majirani kwa miaka mingi, na kisa hiki nimekiona kwa sura nyingi, kwa Telegram, kwa WhatsApp na kwa Signal. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu watu wanapoteza akaunti zao, na mara nyingi hazipotezwi na kizuizi wala na VPN. Hupotea kwa sababu mtu hajui msimbo unapita njia gani, kwa hiyo anaungojea mahali ambapo hauwezi kufika, na kwa kuhangaika anabonyeza na kubonyeza mpaka mlango unafungwa kwelikweli.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba VPN haibebi kila kinachoingia kwenye simu. VPN hubeba data peke yake: huifunga kwa fumbo, huipeleka kwenye seva iliyoko nchi nyingine, na seva hiyo ndiyo inayozungumza na mtandao kwa niaba yako. Ujumbe mfupi wa kawaida haupiti humo. Huo hutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu na kuja moja kwa moja kwenye laini yako, kwa njia ileile ambayo simu ya sauti huipata, hata kama bando limekwisha na VPN haijawahi kusakinishwa. Ukihamisha VPN kutoka Amsterdam hadi New York, ujumbe mfupi haujui na wala haujali. Ikiwa msimbo umetumwa kwa ujumbe mfupi na haufiki, angalia mawimbi ya mtandao wa simu, angalia kama laini ni ileile uliyoandika nambari yake, angalia kama kisanduku cha ujumbe kimejaa au kama simu imeutupa ujumbe huo kwenye folda ya taka. Lakini VPN iache.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho kinafaa kukumbukwa katika ukanda wetu. Mwezi wa Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 28, mamlaka ya mawasiliano ya huko iliagiza huduma za ujumbe wa wingi zisitishwe kwa muda, na wakati huohuo mitandao ya kijamii ikawa haipatikani bila VPN. Misimbo ya kuthibitisha nayo hutumwa na mitambo inayotuma kwa wingi, wala haiandikwi na mtu mmoja kwenda kwa mwenzake. Katika hali kama hiyo mtu anaweza kuwa na VPN nzuri kabisa, programu ikafunguka, seva ikamjibu, na bado msimbo usimfikie, kwa kuwa njia iliyofungwa ni ile ambayo VPN haina mamlaka nayo. Na intaneti yote inapozimwa, kama ilivyokuwa Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, VPN haina pa kupita. Hapo ni kungoja tu.

Jambo la pili nililazimika kulitafuta kwa miaka kabla sijaliona, ingawa liko wazi. Ukurasa wa kuandikia msimbo ni ushahidi. Programu ikikutoa kwenye ukurasa wa kuandika nambari ya simu na kukupeleka kwenye ukurasa wenye visanduku vya tarakimu, maana yake ombi lako limetoka kwenye simu, limepita kwenye VPN, limefika kwenye seva za programu, na jibu limerudi. Njia ya data ni nzima. Kuanzia hapo hakuna sababu yoyote ya kubadilisha nchi ya VPN, kufuta programu au kuzima simu. Lakini ikiwa programu inazungusha kiduara kwenye ukurasa wa nambari ya simu bila kusonga, basi tatizo liko kwenye data, na ni hapo ndipo VPN inastahili kuchunguzwa.

Nilifika kwa shangazi Jumapili asubuhi. Nilimwamkia, akaniitikia, na kabla sijakaa alikuwa ameshaniwekea simu mkononi. Skrini ilikuwa kwenye ukurasa wa msimbo. Visanduku vitano vitupu, na juu yake sentensi mbili za Kiingereza kwa herufi ndogo za kijivu, ambazo shangazi hakuzisoma kwa sababu miwani yake ni ya kusomea msahafu wenye maandishi makubwa na kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ni muhimu. Sentensi hizo zilisema kwamba msimbo umetumwa kwenye programu ya Telegram iliyoko kwenye kifaa chake kingine.

Hivyo ndivyo Telegram inavyofanya kazi, na ni utaratibu mzuri wa usalama: ikiwa akaunti yako bado iko wazi kwenye simu nyingine au kwenye kompyuta, msimbo wa kwanza hupelekwa huko, kama ujumbe kutoka kwa akaunti rasmi ya Telegram yenyewe, na si kwa ujumbe mfupi wa laini. Mtu aliyeiba laini yako hawezi kuupata kwa urahisi. Lakini shangazi aliitazama simu mpya siku mbili, akifungua kisanduku cha ujumbe mfupi kila baada ya sala, huku misimbo ikitumwa mmoja baada ya mwingine kwenye simu ya zamani, ambayo ilikuwa kwenye mtoto wa meza chini ya vitambaa, imezimika, haina laini, na kioo kimepasuka pembeni.

"Ile mbovu?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, ile.

Tuliichomeka kwenye chaji. Ilichukua karibu nusu saa kuwaka. Nikaiunganisha na waifai ya nyumbani, nikafungua Telegram, na ikabaki inajaribu kuunganisha, jambo lililotarajiwa, maana Telegram ilikuwa imezuiwa na simu ile haikuwa na VPN. Huu ndio mtego wenyewe, nao sijauona ukielezwa vizuri mahali popote: simu mpya ina VPN lakini haina akaunti, na simu ya zamani ina akaunti lakini haina VPN. Msimbo umefika salama kwenye seva na unangoja simu ya zamani ije kuuchukua, na simu ya zamani haiwezi kutoka nje.

Nikaenda kwenye duka la programu ili nipakue VPN kwenye simu hiyo. Duka likagoma kufunguka. Kivinjari nacho kikadai kuwa kila tovuti si salama. Nilipotazama pembe ya juu nikaona sababu: betri ilikuwa imekauka kabisa, saa ya simu ilikuwa imerudi nyuma miaka, na sehemu ya kurekebisha saa yenyewe ilikuwa imezimwa. Miunganisho yote salama ya intaneti hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu inayoamini kuwa leo ni mwaka uliopita kwa mbali itakiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, na itakikataa. VPN nyingi nazo hukataa kwa sababu hiyohiyo, na ujumbe wanaouonyesha hautaji saa hata kidogo. Husema tu kwamba muunganisho umeshindikana. Ndiyo maana siku hizi, mtu akinipigia kuhusu VPN isiyoshika, swali langu la kwanza ni saa ngapi na tarehe gani kwenye simu yake. Nimeshawahi kumaliza tatizo kwa swali hilo peke yake.

Niliwasha saa ya kujirekebisha, tarehe ikakaa sawa, duka likafunguka, nikapakua VPN, nikaiwasha. Telegram ikahangaika kidogo, kisha rekodi na salamu za majuma yote zikaanza kuteremka. Juu kabisa palikuwa na mazungumzo ya akaunti rasmi, yenye misimbo kumi na mmoja.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ile idadi ilinitia wasiwasi kuliko kizuizi. Kila unapoomba msimbo mpya, ule wa zamani hubatilika. Kwa hiyo hata ungekuwa na misimbo kumi na mmoja mkononi, wa mwisho tu ndio wenye kufaa, na huo nao una muda wake. Zaidi ya hapo, seva huhesabu. Ukiomba mara nyingi kwa muda mfupi, programu hukuambia kuwa umejaribu mno na uje baadaye, na baadaye hiyo inaweza kuwa dakika chache au saa nyingi. WhatsApp na Signal hufanya hivyo pia. Hakuna VPN inayoweza kuufuta muda huo, kwa kuwa kinachohesabiwa ni nambari yako ya simu pamoja na anwani ya intaneti unayotokea. Na anwani ya VPN ya bure ni anwani ya watu wengi mno. Maelfu ya wasiojuana hutoka kwenye mtandao kupitia anwani hiyo moja, baadhi yao wakifungua akaunti za utapeli, na seva za programu zikishaizoea hukujibu kwa shaka: hukupa mafumbo ya picha, hukuchelewesha, au hukukatalia bila maelezo. Wewe hujafanya kosa lolote. Umepanda tu gari lililojaa watu wa kila aina. Ikiwa kuna sababu ya kubadilisha seva ya VPN, ni hiyo, na ubadilishe mara moja tu, usubiri, halafu uombe msimbo mara moja tu.

Shangazi alikuwa ameambiwa asubiri. Tukaiacha simu mpya mezani, akatia maji ya chai jikoni, na mimi nikaitumia nafasi hiyo kukagua mambo mengine ambayo huwaangusha watu kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hata ya msimbo.

Nambari ya nchi ni mojawapo. Baadhi ya programu hukisia nchi yako kwa kutazama anwani ya intaneti unayotokea. VPN ikiwa Uholanzi, utaona kisanduku cha nchi kimejazwa +31, na mtu mwenye haraka huandika nambari yake mbele ya hiyo, akawa ameomba msimbo utumwe kwa mtu wa Uholanzi asiyemjua. Rekebisha iwe +254 kwa Kenya au +255 kwa Tanzania, na uondoe sifuri ya mwanzo.

Kuna pia kile kinachowachanganya hata wenye uzoefu: kivinjari kinafungua kila kitu kupitia VPN, lakini programu ya ujumbe inagoma. Mara nyingi VPN imewekewa orodha ya programu zinazopita humo na zisizopita, na ile unayoihitaji imeachwa nje, kwa hiyo inatoka kwa njia ya kawaida na kugonga kizuizi. Sababu nyingine ni DNS ya faragha (DNS ni mfumo wa kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) kwenye mipangilio ya Android, ambayo ipo tangu toleo la 9. Aliyewahi kuweka hapo jina la seva ya kuzuia matangazo husahau kuwa ameliweka, na seva hiyo isipofikika ndani ya VPN, majina yote ya mtandao hukosa kutafsiriwa. Irudishe kwenye hali ya kujichagulia yenyewe, ujaribu tena. Na wakati mwingine ni simu yenyewe inayoiua VPN ili kuokoa betri mara tu skrini inapozima. Ukitoka kwenda kusoma msimbo na kurudi, VPN haipo tena. Iondolee programu ya VPN kizuizi cha betri.

Tatizo moja ni gumu kidogo, nami niliteseka nalo kwenye data za simu yangu mwenyewe. VPN ilikuwa imewaka, kurasa nyepesi zilifunguka, lakini programu ya ujumbe ilibaki inaunganisha milele. Kumbe ni ukubwa wa vifurushi vya data. Njia ya kawaida hubeba kifurushi cha baiti 1500. VPN huongeza bahasha yake juu ya kila kifurushi, na mahali fulani njiani vile vilivyonenepa hutupwa kimya kimya. Salamu ndogo za mwanzo hupita, kisha jibu kubwa la seva halifiki. VPN zinazotumia itifaki ya WireGuard huwa na kipimo cha 1420, na nyingi hukuruhusu kukipunguza. Nilikishusha hadi 1280 na programu ikafunguka papo hapo.

Wengine hawahitaji VPN kabisa. Telegram inakubali proksi, yaani seva ya kati inayopitisha programu hiyo peke yake, nawe unaweza kuiweka kwenye ukurasa wa mwanzo kabla hujaingia. Signal ilifungua njia kama hiyo mwaka wa 2021, baada ya kuzuiwa Iran, na WhatsApp ikafuata Januari 2023. Faida yake ni kwamba inabeba programu hiyo moja tu, kwa hiyo programu ya benki na ya kutuma pesa hazishtuki kukuona ghafla uko Ulaya. Lakini chagua proksi ya mtu unayemwamini, kwa sababu mwenye nayo huiona anwani yako. Jumbe zenyewe hazioni.

Tulipokuwa tukinywa chai binti wa shangazi alipiga simu kutoka Sharjah, akauliza kama msimbo umepatikana, na kwa nia njema akasema, "Mama, nitumie nikuingilie mimi huku." Nilimwomba dada asifanye hivyo. Telegram hubatilisha msimbo uliotumwa ndani ya mazungumzo yake yenyewe, kwa kuwa matapeli wengi huwaomba watu misimbo kwa njia hiyo; na mama wa miaka sitini na tano akishazoea kusoma msimbo wake kwa sauti kwenye simu, hata kwa mwanawe, siku moja atausomea mtu anayeiga sauti ya mwanawe. Nilimkumbusha pia kuhusu kwake. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu mtu akitumia VPN kutenda au kuficha kosa la jinai, sheria inataja faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000. Nayo Tanzania, Oktoba 2023, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa kwa mamlaka ya mawasiliano kabla ya mwisho wa mwezi huo. Anayemwekea mzazi wake VPN lazima ajue mzazi huyo yuko nchi gani na atavuka nayo mipaka ipi.

Baada ya muda wa kusubiri kupita tulishika simu zote mbili. VPN ilikuwa imewaka kwenye zote. Shangazi mwenyewe alibonyeza, mara moja tu, na kabla hajaondoa kidole simu ya zamani ikalia mezani. Nikamwachia ausome: tarakimu tano, moja baada ya nyingine, kidole chake kikitetemeka juu ya kioo kilichopasuka. Kisha programu ikadai nenosiri la hatua ya pili, ambalo mjukuu alikuwa amemwekea zamani. Nikapumua kwa shida, maana aliyelisahau na hakuweka barua pepe ya kulirejesha hulazimika kuomba libadilishwe na kusubiri siku saba, tena kutoka kwenye kifaa ambacho bado kiko wazi. Shangazi hakusita. Aliliandika polepole, akitaja kila herufi kwa mnong'ono.

Kikundi kikafunguka. Alipandisha juu, juu zaidi, mpaka akafika kwenye rekodi ya kwanza, akaicheza. Palisikika kikohozi, sauti ya feni, kisha mwalimu akianza kwa bismillahi. Shangazi akaizima baada ya maneno machache, akachukua simu ya zamani, na badala ya kuirudisha chini ya vitambaa akaichomeka tena kwenye chaji, kando ya redio, akaniuliza VPN yake aiache ikiwaka au aizime.